Jumatano za Mzee Husseni

Kila Jumatano, kwa miaka mingi, Mzee Husseni alikuwa akifunga duka lake la Masasi mchana kweupe na kupanda gari la Newala. Mkewe, Bi Somoe, akimuuliza anafuata nini huko, anajibiwa neno moja tu: "Shule." Shule! Mtu aliyegombana na soko zima la Masasi, leo apende shule? Bi Somoe hakuwa mtoto mdogo. Alijua kuna mwanamke huko Chilangala, kijiji chenye hiyo shule.

Ni kweli mzee aliiezekea bati shule ya Marafiki, Wakristo wale ambao wengine huwaita Wakweka, akaijengea na tangi la maji ya mvua. Lakini bati haliezekwi kila Jumatano.

Sasa mzee amefariki, na shule imeialika familia waje wamkumbuke pamoja. Bi Somoe, miguu imemvimba, hatoki nyumbani Mkomaindo, hapo hapo Masasi, akamtuma binti yake Shakila.

"Hotuba sizitaki," alimwambia. "Niangalizie nani analia kunizidi mimi."

Shakila alifika Chilangala kwa bodaboda. Akimwona huyo mwanamke, atamwambiaje mama yake? Na kudanganya hajui.

Mwalimu mkuu, Selestini, alimkaribisha vizuri akamkalisha benchi la karibu na dirisha. Hapakuwa na spika, wala mshereheshaji, wala picha ya marehemu.

"Sisi tunakaa kimya," akamweleza. "Mwenye neno atasimama."

Basi wakakaa kimya. Mtoto mmoja akapiga chafya. Kuku akachungulia mlangoni, akaenda zake. Shakila akasubiri, akachoka kusubiri, akaanza kuona aibu. Kumbe baba hana hata mtu mmoja wa kumsifu? Au wote wanajua la Jumatano, wanamstahi tu binti?

Ndipo nyuma mwanamke akaanza kulia kwa kwikwi. Shakila akageuka. Mama mzuri, kitenge kimemkaa, kilemba kimesimama. Akajisemea: huyo ndiye!

Mwanamke akasimama.

"Mimi Stamili, mpishi wa hapa. Mzee huyu kanigombeza miaka yote. Chumvi haitoshi, masufuria machafu, majani yameziba mfereji wa bati. Mume wangu huyu hapa shahidi, naye kagombezwa sana." Mumewe akatikisa kichwa kukubali, watu wakacheka. "Lakini ibada yetu ya Jumatano alikaa nasi, benchi hilo hilo alilokalia binti yake, kofia yake kichwani, kimya mpaka mwisho. Kisha anaenda kuswali swala yake kwenye kivuli cha tangi. Siku moja nikamuuliza, mzee, kwetu unafuata nini? Akasema, 'Mwanangu, Masasi kila anayenijia anataka nimjibu. Hapa hakuna anayeniuliza kitu.' Tangu afe, benchi lile lilikuwa tupu. Leo nimeona mtu pale, machozi yakanitoka."

Akakaa, wakanyamaza tena. Shakila alishusha pumzi, kisha kicheko kikamponyoka, kikubwa, katikati ya ukimya wa watu. Hakuna aliyemkemea.

Walipokwisha kupeana mikono, alikwenda nyuma ya tangi akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Nani kalia?" Marahaba hata haikuja.

"Mpishi, mama, na mumewe alikuwepo. Hakuna mwanamke. Baba alikuwa anakuja kunyamaza."

"Kufanya nini?"

"Kunyamaza. Wanakaa kimya wote, naye anakaa nao, benchi lake la karibu na dirisha."

Bi Somoe akacheka, kicheko ambacho Shakila hakuwa amekisikia tangu mazishi. Akacheka mpaka akakohoa. "Loo, Husseni! Nauli yote ile! Si angenyamaza hapa hapa nyumbani?"

"Ungemwacha anyamaze, mama?"

Simu ikatulia. Shakila akadhani imekatika, akaitazama, akairudisha sikioni. Pumzi za mama yake zilikuwa pale pale.

"Nisingemwacha," akasema Bi Somoe taratibu. "Jumatano ijayo nitafutie gari, na miguu yangu hii hii. Na lile benchi wasimpe mtu."