Chungu Kilichong'aa

Seithati aliolewa wakati wa Pasaka, na mipopla ya bondeni ilipoanza kugeuka manjano, mapishi yake yalikuwa yameshatangazwa mlima mzima. Boga alilichemsha, akalisonga na unga wa mahindi mpaka likawa laini na tamu bila hata chembe ya sukari. Maharage na mtama aliviinjika pamoja asubuhi, juu ya moto wa samadi kavu, akaviacha vichemke polepole mpaka jioni, baridi inaposhuka na watu wanajikunyata ndani ya mablanketi. Mkate wake wa mvuke uliumuka mpaka ukainua kifuniko cha sufuria. Mokete, mumewe, alinenepa mashavu ndani ya mwezi mmoja, na wenzake kule malishoni wakawa wanamuuliza kama blanketi lake bado linafunga.

Mtu mmoja tu hakuwa na la kusema. 'Mamokete, mama mkwe, alikula, akapangusa bakuli kwa kipande cha mwisho cha mkate, akasema, "Ahsante, mtoto wa watu." Basi, akanyanyuka.

Mtoto wa watu! Siku aliyochinjiwa kondoo wa kumpokea, shangazi zake Mokete walimpa jina la ndoa. Alikuwa 'Malineo sasa, mama yake Lineo, mtoto ambaye hata kwenye ndoto hajatokea. Kijiji kizima kililishika jina hilo siku ileile, wachunga mbuzi kwa mchungaji wa kanisa. Lilimkwama kooni 'Mamokete peke yake. Seithati alimpenda yule mama, ndiyo maana lilimuuma. Alitamani alisikie jina lake kinywani mwake hata mara moja, hata kwa kugombezwa.

Nafasi ikaja mwezi wa tano. 'Mamokete alitakiwa ateremke mjini kuchukua miwani yake mpya, alale kwa dada yake, arudi siku ya pili. Na siku hiyohiyo ya pili ilikuwa zamu ya shamba lao kuvunwa. Huko mlimani mtama huvunwa kwa letsema: leo wote kwangu, kesho wote kwako, na mwenye shamba ndiye anayelisha watu.

"Jiko nakuachia," 'Mamokete alisema, mguu mmoja nje. "Watu washibe. Na motoho isikose."

Motoho, ule uji mchachu wa mtama, ndicho kitu pekee ambacho Seithati hakuwahi kupika katika nyumba ile. 'Mamokete aliupika mwenyewe, na wala hakutaka mtu amsogelee. Seithati hakuona tabu. Kwao Mafeteng motoho alikuwa akiichachua tangu utotoni.

Basi alipobaki peke yake alipandwa na ari ambayo walioolewa karibuni wataijua. Aliondoa masizi darini. Alisugua sufuria mpaka akajiona ndani yake. Nyuma ya gunia la unga akakuta chungu cheusi kimefunikwa kwa sahani iliyomeguka, na ndani yake matope ya kijivu yenye harufu ya soksi za mchungaji wa ng'ombe. Maskini mama, akawaza, macho yameshamchosha, chakula kinamwozea ndani na hakioni. Akayamwaga matope kwa kuku. Kuku mmoja alidonoa, akatikisa kichwa, akaenda zake. Chungu akakisugua kwa mchanga, akakisugua kwa majivu, akakipiga sabuni, kisha akakianika juu ya ukuta wa ua.

Mchana Mokete akaja kula. Alikiona kile chungu kabla hajaona chakula.

"Nani kakitoa hiki?"

"Mimi. Kilikuwa kichafu, hutaamini."

"Umekiosha?"

"Kwa mchanga na majivu. Mbona hivyo?"

Mokete alikaa chini palepale. "Hiyo ndiyo chachu ya mama. Chachu ya motoho. Alikuja nayo alipoolewa, alipewa na bibi. Bibi mwenyewe yuko kaburini na chachu ipo. Ilikuwepo, nataka kusema."

Seithati akanyoosha kidole jikoni. "Sasa si chachu iko kwenye ile ndoo nyeupe? Kwetu inakaa kwenye ndoo!"

"Ile ni chumvi ya kondoo."

Akakimbilia kuku, lakini huko palikuwa na mchanga uliolowa tu. Akalia, tena kwa sauti. Kazi yote ya maboga na mikate imekwisha kwa kipande kimoja cha sabuni. Mama atarudi, atafunua sahani, na baada ya hapo hata huko kuitwa mtoto wa watu Seithati atakukumbuka kwa hamu.

"Sikiliza," Mokete alisema, akimfuta machozi kwa pembe ya blanketi. "Nenda kwa 'Matlotliso. Chachu yake alipewa na mama siku nyingi."

"Na wewe?"

"Mimi? Mimi sikuwepo. Mimi nilikuwa malishoni tangu juzi."

Seithati alijikaza, akaficha bakuli chini ya blanketi, akaenda. 'Matlotliso, jirani wa upande wa chini, alikuwa anapepeta maharage uani. Alisikiliza kisa chote bila kuinua uso. Kisha ungo ukasimama.

"Umeimwaga yote, mdogo wangu?"

"Yote, dada."

"Haikubaki hata kidogo, pale ukingoni?"

"Nilipiga sabuni."

'Matlotliso akajifunika uso kwa blanketi, mabega yakaanza kumtikisika. Seithati hakujua kama ni kilio au ni kicheko, akaona vyote viwili anastahili. Mwanamke yule alipojifunua macho yalikuwa yamelowa. Aliingia ndani, akatoka na jagi zima, si bakuli.

"Chukua. Funga na blanketi karibu na moto. Na ukiishiwa, njoo tena. Usiku, mchana, njoo."

Kabla hajafika nyumbani habari zilikuwa zimemtangulia: akamkuta mwanamke mwingine amesimama kwenye zizi na chupa ya chachu mkononi. Wa tatu alikuja na kopo. Wote walikuwa wamepewa na 'Mamokete walipokuwa maharusi, na wote nyuso zimekunjuka kana kwamba wanakwenda harusini tena. Wananicheka, Seithati akajisemea, na kesho watanicheka mbele yake. Hata hivyo alionja ya kila mmoja, maana mpishi ni mpishi hata siku ya msiba wake. Ya 'Matlotliso ndiyo ilikuwa na uchachu uliotulia. Akaivuruga na unga wa mtama na maji ya vuguvugu ndani ya ndoo safi, akaifunika kwa blanketi lake mwenyewe la harusi, na usiku ule akalala na baridi.

Asubuhi motoho ilikuwa imepanda vizuri. Akaipika, akaichuja, akaipooza. Boga likaiva, maharage na mtama vikaiva, mikate miwili ikatoka. Jua lilipofika kichwani wavunaji wakaja, wakakaa uani, mabakuli mikononi, na huku nje ya ua ikasikika sauti ya 'Mamokete.

Aliingia na miwani yake mpya, anatazama kila kitu kama mnunuzi. Alitazama dari. Alitazama sufuria. Akasimama mbele ya ukuta, akakitazama chungu kwa muda mrefu. Akakaa, akanyoosha mkono.

Seithati alipiga magoti, akampa bakuli la motoho. Hata waliokuwa wanatafuna waliacha.

'Mamokete akanywa funda moja. Akanywa la pili. Akaliteremsha bakuli.

"Hii si yangu."

"'M'e, mama yangu, nisamehe," Seithati alisema mbele za watu wote. "Niliosha chungu. Sikujua. Niliimwaga chachu ya mama yako. Hii ni ya dada 'Matlotliso."

"Kwamba umekiosha nimeona toka kule njiani. Kinawaka." Akamgeukia 'Matlotliso. "Na wewe nilikupa mimi."

"Ulinipa wewe, 'M'e. Mwaka niliofika."

'Mamokete akanywa tena, taratibu, mpaka chini. Alipoinua uso miwani ilikuwa imeingia ukungu.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa mama," alisema. "Hivihivi." Kisha akakohoa, akawakazia macho wavunaji wote. "Yangu ilioza. Tangu mvua za Krismasi. Mnadhani sina ulimi? Nilikuwa nawaona mnavyoinywa mmefumba macho! Kila siku nasema kesho nitakwenda kuomba. Sasa nishike bakuli, niende kubisha hodi kwa watoto niliowagawia kwa mkono wangu? Niliona aibu mimi!"

"Lakini 'M'e, si ungesema tu!" 'Matlotliso alidakia.

"Na nyinyi je, kwa nini hamkusema?"

'Matlotliso ndiye aliyeshindwa wa kwanza, akaangua kicheko kile alichokifungia kwenye blanketi tangu jana, na ua mzima ukamfuata.

"Mimi nimeinywa kwa sukari miezi mitano," Mokete alisema. "Sukari ya duka zima."

"Wewe nyamaza, ulikuwa malishoni," mkewe akamjibu, na watu wakacheka upya.

'Mamokete alinyanyuka, akakitoa chungu ukutani, akakigeuza huku na huku juani. Akateka motoho iliyobaki chini ya ndoo, ile nzito isiyopikwa, akaimimina ndani yake, akaifunika kwa sahani yake iliyomeguka. Kisha akakiweka mikononi mwa mkwewe.

"Kirudishe nyuma ya gunia. Utakitunza wewe sasa, mimi nimechoka nacho." Akakaa tena, akaokota bakuli lake tupu, akalinyoosha. "Halafu niongeze, 'Malineo. Na boga pia, lijaze."