Aliyeijenga Nyumba ya Titye

Epifania aliweka chungu cha pombe ya ndizi katikati ya ukoo, akachomeka mirija, akarudi kusimama mlangoni pamoja na wanawake wenzake. Ndipo mdogo wake Reverien alipoanza kusimulia jinsi nyumba ile ilivyojengwa, na damu ikamchemka.

"Baba alifika hapa Titye kutoka Burundi hana hata jembe," alisema Reverien. "Akafyatua matofali mwenyewe, akapandisha kuta mwenyewe."

"Ego," ndugu wakaitikia kwa kukubali.

Basi yeye, Reverien aliendelea, mtoto wa kiume wa marehemu, ndiye mwenye haki ya kuibomoa. Kesho mafundi wangekuja, na mama angehamia kwake Kasulu mjini.

Uongo mtupu. Nyumba ilipojengwa, baba yao alikuwa Tabora kwenye mashamba ya tumbaku, hata salamu hakuleta. Aliyekanyaga udongo kwa miguu yake ni mama yao, Immakulata, akiwa na mtoto mgongoni. Na mtoto mwenyewe ndiye huyu Reverien anayebwabwaja leo. Epifania, kabinti wakati huo, ndiye aliyechota maji. Baba alirudi akakuta moshi unafuka paani, akaingia, akala.

"Mama, sema," Epifania alisema mbele ya wote. "Nani alijenga?"

Immakulata aliutazama mrija wake. "Baba yenu."

Epifania alimfuata jikoni akiwaka. "Wanakung'oa kwako, mama, nawe unawashikia jembe?"

"Mwanamume aliyejengewa na mkewe anachekwa hadi kaburini," Immakulata alisema. "Nilimsitiri akiwa hai, mwananje. Leo amelala, ndiyo nimvue nguo?"

Maneno hayo yalimuudhi Epifania zaidi. Alimchukia Reverien, akamchukia na marehemu, lakini hasira kubwa ilikuwa kwa huyu bibi kizee mkaidi aliyejifunga mwenyewe.

Asubuhi mafundi walimkuta Immakulata amepiga magoti mbele ya nyumba, udongo hadi viwikoni, anakandika ukuta kama afanyavyo kila mwaka kabla ya mvua.

"Mama, tunaibomoa hii," alisema Reverien.

"Bomoeni. Lakini maiti haizikwi haijaoshwa. Nimalize kwanza."

Fundi akaweka sururu chini. Nani angemwondoa mama wa watu kwa mkono? Reverien akakaa juu ya jiwe kusubiri.

Immakulata alimaliza mbele, akahamia ubavuni, akazunguka nyuma. Aliporudi mbele, jua lilikuwa limekausha udongo na kuupasua. Akapiga magoti, akaanza upya.

Epifania alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu jana akataka kucheka. Hasira haikumwisha, ila sasa alijua pa kuipeleka. Alichukua ndoo akaitupa miguuni pa Reverien.

"Mama alipokandika nyumba hii mara ya kwanza, maji nilichota mimi," alisema. "Wewe ulikuwa mgongoni kwake. Leo ni zamu yako."

Reverien alimtazama mama yake, ambaye hakugeuka. Kisha akainuka, akaiokota ndoo.