Mlonge Kwenye Meza ya Haradali

"Mzee Kondo, ondoa hizo mbegu za papai hapo," alisema Mwalimu Adelard.

Mzee Kondo hakuziondoa. Alikuwa amepanga kundi lake mwisho wa meza: ua la haradali, ua la figili, na ua la kabichi lililokuja na basi kutoka Lushoto, limenyauka. Kila moja lilikuwa na petali nne zilizokaa msalaba, na stameni sita, zile nyuzi za chavua, nne ndefu na mbili fupi. Kando yake aliweka mzizi wa mlonge na zile mbegu za papai.

Ulikuwa mtihani wa vitendo wa kupanga mimea kwa koo zake, darasa la watu wazima, Tandale, mwaka 1974. Atakayeshinda angekuwa msimamizi wa bustani ya miche. Kondo alikuwa amebeba ndoo za maji katika bustani hiyo miaka kumi na tisa, na bega lake la kulia lilikuwa limechoka.

Mwamvita, aliyekuwa akingoja zamu yake, alicheka. "Mzee wa msikitini leo anatuhesabia misalaba!"

"Ua halijabatizwa, mwanangu."

Mwalimu Adelard alitabasamu, kisha akaacha. "Mlonge una petali tano. Mpapai nao tano. Kitabu hakiviweki hapa."

"Tano, Mwalimu. Nimehesabu mara tatu. Lakini tafuna mzizi huo, kisha mbegu ya papai, kisha haradali. Pilipili inauma ulimi. Hivi vitatu vinapanda puani, moto ule ule."

"Sayansi si kuonja, mzee wangu."

"Ulimi nao nimepewa, kama macho."

Mwalimu alishusha sauti. "Sogeza hivyo viwili, nikupe alama zako. Nafasi ni moja, na mwenzako Projestus amekosa swali moja tu."

"Sogeza, baba!" alisema Mwamvita. "Kwani mlonge ndio utakulipa mshahara?"

Kondo aliuinua ule mzizi. Aliugeuza, akaufuta udongo kwa pindo la shati, akaurudisha pale pale, ubavuni mwa haradali. Kisha akafunga mikono nyuma ya mgongo.

Mwalimu aliitazama karatasi ya alama. Hakuandika kitu. Alichukua rula, akatoka.

Kupitia dirishani Mzee Kondo alimwona akichuchumaa kwenye uzio wa milonge wa shule, na suruali yake nyeupe, akiangalia kushoto na kulia kama mwizi wa kuku. Kisha akaanza kuchimba mzizi shinani kwa rula.