Mwenye Sauti ya "Inuka Hamida"

Kibibi alikuwa mtu wa kinyongo, na hakuwahi kumficha mtu jambo hilo. Newala nzima ilijua kwamba ukimkosea atakusamehe siku atakapozikwa, tena labda. Kwa hiyo wakwe wa Dastani walipokuja kumwomba awe kungwi wa mjukuu wao, naye akakubali kabla hawajaketi vizuri, walipaswa kushtuka. Hawakushtuka. Walishukuru, wakanywa chai, wakaenda zao.

Kosa lenyewe lilianza kwa heri. Miaka michache nyuma, Dastani, fundi wa muziki mwenye studio ya chumba kimoja nyuma ya duka la simu huko Masasi, alihudhuria ngoma ya mwali aliyekuwa akitoka unyagoni. Siku ya kutoka, mwali huketi mkekani uwanjani, amefunikwa kanga gubigubi, kichwa chini, wala hakiinui mpaka kungwi aliyemlea amwite kwa jina lake jipya. Mwito huo husikiwa na kila mtu. Si kama nyimbo za ndani ambazo hazitoki nje. Siku ile Kibibi alimwita Hamida. Sauti yake ilipanda, ikakatika kidogo, ikapanda tena, na watu wazima waliona nywele zinawasimama. Dastani alikuwa amenyoosha simu yake juu.

Kufika Masasi akaukatakata mwito ule, akaukimbiza mpaka sauti ya mwanamke mzima ikawa nyembamba kama ya kitoto, akautandikia midundo ya kompyuta chini yake na kuupa jina "Inuka Hamida." Bodaboda ndio waliousambaza kwanza. Kisha ukaingia kwenye baa, kwenye harusi za Tandahimba, kwenye mahafali ya shule, na msimu wa korosho ulipoanza hapakuwa na ghala ambalo wabeba magunia hawakuucheza. Mwaka uliofuata Dar es Salaam nao wakaupokea wakidhani ni wao. Kibibi aliusikia sokoni akiwa ameshika fungu la dagaa, akaijua sauti yake papo hapo. Alifurahi. Hili watu hulisahau wanapomsimulia. Siku ile alirudi nyumbani akimweleza kila aliyekutana naye njiani kwamba huyo anayeimba ni yeye.

Redio ndiyo iliyoharibu mambo. Dastani alialikwa kuhojiwa, na Kibibi akawaita majirani waje wasikilize akitajwa. Mtangazaji alipouliza mwimbaji ni nani, Dastani alicheka, akasema sauti ile haina mtu, ameitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta. Majirani wakatazama chini. Mmoja akakohoa, akakumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Tangu wiki ile vijana wa kituo cha mabasi wakampachika Kibibi jina la Mama Kompyuta.

Haina mtu. Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alimfuata Dastani hadi Masasi, akamwomba arudi redioni aseme ukweli, basi. Dastani akamjibu kwamba biashara ya muziki haiendi hivyo, akamwekea doti ya kanga mpya mezani. Kibibi aliiacha pale pale, akapanda basi kurudi Newala.

Ndiyo maana alikubali upesi. Huruma, binti wa Dastani, aliletwa kwa bibi yake mzaa mama wakati wa likizo, akawekwa ndani, na Kibibi akamfundisha yote yanayofundishwa bila kumpunja hata moja. Binti alikuwa mcheshi, mwepesi wa kushika mambo. Alimzoea kungwi wake mpaka akawa anamwegemea begani wakimenya karanga. Nafasi ya kuacha kisasi ilikuwa hapo. Kibibi aliiona, akaipita.

Siku ya kutoka, Dastani alikuja na spika zake kwenye pikapu, koti la kung'aa mwilini jua lile kali, akisalimia watu kama mgeni rasmi. Mwali akatolewa, akakalishwa mkekani. Ngoma zikafika mahali pa mwito. Kibibi, juu ya kigoda chake, alitazama mbele, kimya. Wapigaji wakarudia. Kimya. Wakarudia tena, wakatazamana, wakashusha mikono.

Flora, mama wa binti, alikuja akapiga magoti, akamwambia kwa unyenyekevu kwamba mwali anasubiri. Kibibi alikuwa kama hasikii. Wanawake wengine walioweza kuita waligundua ghafla kwamba watoto wao wanahitaji kupanguswa pua, maana mwali haitwi na asiyemlea, na atakayethubutu hapewi mwali tena maishani mwake.

Dastani akaona njia ya mkato. Sauti si ni ile ile? Akaunganisha simu yake, na "Inuka Hamida" ikalipuka uwanjani. Vijana wakaanza kurusha miguu. Chini ya kanga, kichwa hakikusogea. Binti alikuwa amefundishwa kungoja jina lake, na jina lake, Emilia, la marehemu bibi mzaa baba, halikuwamo kwenye simu ya mtu yeyote. Hamida mwenyewe alikuwa kaketi pale ananyonyesha, na watani wakamwambia ainuke basi, si anaitwa. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kibibi naye alicheka. Alikuwa amekingoja kicheko hicho muda mrefu, na kilikuwa kitamu.

Dastani alizima muziki, akaja kuchutama mbele ya kigoda, jasho likimtiririka.

"Mama Nurdin," alisema chini chini, akimwita Kibibi kwa jina la mwanawe, "haya tutayamaliza nyumbani."

"Ulinikana redioni, Baba Huruma. Hukunikana nyumbani. Chukua kipaza sauti chako."

Akakichukua. Akasema sauti ya wimbo ule ilitoka kwa mama mmoja wa hapa Newala. Kibibi akamwambia mama huyo ana jina. Akalitaja. Kibibi akasema hakulisikia, labda na wale wa nyuma hawakulisikia. Akalitaja tena, kwa nguvu. Sasa aseme kwamba alidanganya. Akasema alidanganya. Aseme kwamba aliiba. Hapo Dastani akajifuta jasho kwa mkono wa koti, watu wote wakimtazama, na jua lilikuwa limeshapanda utosini.

Bibi wa binti akamwita Kibibi kwa jina, taratibu, akamwonyesha mkekani. Kanga ilikuwa inatetemeka, na mkeka umelowa chini yake, na wanawake wa mbele walijifanya hawaoni. Kibibi aliona. Akageuka kwa Dastani.

"Bado hujasema."

"Niliiba," Dastani alisema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote mbili.

Basi Kibibi akainuka akaita. Hakuwahi kuita vizuri namna ile. Sauti ilipanda, ikakatika, ikapanda tena, na vijana wa bodaboda waliokuwa kando ya uwanja wakazima injini zao. Emilia. Kanga ikashuka, kichwa kikainuka, vigelegele vikapasuka pande zote. Kibibi akakaa, mwili mwepesi, akihisi kwamba sasa ameshiba.

Mwali akishatoka huwaamkia wakubwa mmoja mmoja, akianza na kungwi wake. Binti alikuja, uso umevimba kwa machozi na jua, akasimama mbele ya kigoda. Kibibi akanyoosha mkono amwekee kichwani.

"Mwamkie kungwi wako," Flora alinong'ona.

Binti akamtazama Kibibi usoni, jambo ambalo mwali halifanyi.

"Alijua nimo mle ndani ya kanga," alisema. "Kila alipomwambia baba arudie, alijua nimo."

Akampita. Akapiga goti mbele ya mama mzee aliyeketi upande wa pili, akasema shikamoo wazi wazi, uwanja wote ukasikia. Mama mzee akamtazama Kibibi kwanza, kisha akaitikia marahaba.