Pichi kwenye Kanzu

Mwanamke wa Tanga humjua mke mwenzake kwa pua kabla hajamjua kwa sura, na Najat alimjua Saleha hivyohivyo. Kila Alhamisi zamu ya Najat ilipoanza, mumewe Rahimu alirudi Pongwe akitokea Ngamiani kwa mke mdogo, na kanzu yake ikatangulia kuingia ndani: tunda bivu, maua, na utamu fulani wa kudeka uliong'ang'ania kolani.

"Mama Tahiri, hujambo?" alikuwa akisema, akivua kofia.

Tangu amzae Tahiri, Najat hakuitwa na mumewe kwa jina jingine. Zamani alikuwa kipenzi. Neno hilo halikufa, lilihama tu. Siku moja alimsikia Rahimu uani akizungumza na simu, sauti kaishusha, "Haya, kipenzi," na mwiko ukamtoka Najat mkononi.

Basi akapigana kwa silaha aliyofunzwa na somo wake, bibi aliyemfunda alipoolewa. Alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi, akafunika tenga juu yake na kuitandaza kanzu mpaka moshi ukaingia kila uzi. Kama ni kurudi kwa bi mdogo, basi arudi ananukia Pongwe. Najat hakuwa mtu mbaya, ila wivu ulikuwa umempanda, na wivu ukishapanda hausikii la mwadhini. Lakini kila Alhamisi ile harufu ilikuwa imerudi palepale. La kuvunda halina ubani, wahenga walisema. La kupendwa nalo, akaona Najat, ni vilevile.

Ndipo siku moja akaacha kufukiza. Aliikunja kanzu ndani ya kanga, akapanda gari hadi Ngamiani, kwenye duka la manukato la Bi Zuleha.

"Shikamoo, Bi Zuleha. Nitafutie hii."

"Marahaba, mwanangu." Bi Zuleha akainusa kola, akafumba macho. "Mwanzo ni pichi, zile za Lushoto zikiiva mno. Ukitulia nayo, yafunguka asumini na waridi. Mwisho hubaki sukari. Hii ni ya mtu anayecheka kabla hajaambiwa kitu." Akafumbua macho, akamtazama. "Wewe ni mtu wa udi, Najat. Udi humngoja mtu. Hii humkimbilia."

"Nimechoka kungoja. Nipe chupa."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bi Zuleha akasema, huku akiifunga chupa kwenye karatasi, "lakini wewe mwenzetu umekibeba mpaka dukani."

Alhamisi iliyofuata, alasiri, Najat alioga, akavaa kanga mpya, akajipulizia shingoni, kwenye nywele na mpaka kwenye mapindo ya kanga. Chetezo alikiacha baridi. Aliichukia harufu ile, na huku anaivuta. Akaketi kitandani, nyuma ya pazia la mlango, akangoja.

Rahimu akapiga hodi, akaingia ukumbini. Mara nyayo zikasimama. Najat akamsikia akivuta pumzi, mara moja, kisha tena.

"Saleha?" Sauti ilikuwa ya chini, ileile ya kwenye simu. "Umefuata nini huku, kipenzi?"

Najat angeweza kulivuta pazia akamshushua. Maneno alikuwa nayo, ameyaweka miaka na miaka. Hata ndani ya nyumba yake mwenyewe, juu ya kitanda chake, yule mwanamke alikuwa ametangulia kufika, na aliyemkaribisha ni yeye. Lakini neno lile lilikuwa bado lipo, jipya, upande wa pili wa kitambaa. Akilivuta pazia tu, litarudi Ngamiani.

"Labeka," akaitika.