Michembe ya Bibi

Kambi ya skauti ilikuwa ya siku mbili tu, kwenye vilima vya huku kwetu Kishapu. Kabla hatujafunga hata turubai, Madam Aneth, mwalimu wetu wa skauti, alitupa sheria moja: chakula chote kwenye ndoo yenye mfuniko, hakuna kulala na chakula, maana panya wa porini anakojolea kila kitu na mkojo wake unaua.

Wenzangu wakatoa biskuti, wakatumbukiza kwenye ndoo. Mimi nilikuwa na michembe ya bibi, vile viazi vya kukausha, kwenye kiroba. Niliona aibu. Nikakificha chini ya shuka langu.

Asubuhi nakuta kiroba kimetobolewa kona, kimelowa, ndani mavi ya panya. Nikawa nachambua nyuma ya turubai, Vumilia akanikuta. Vumilia ndiye rafiki yangu, sina mwingine.

"Mbuke, mchoyo wewe. Kumbe una michembe?"

Ningesema. Maneno mawili tu. Lakini angepiga kelele, Madam angesikia, wote wangegeuka kunitazama. Nikafuta michache kwa kanga, nikampa.

"We huli?"

"Nimeshiba."

Wiki ya pili akaanza homa. Dawa za malaria hazikusaidia. Nilipoenda na Madam Aneth kumwona hospitali, macho yamekuwa ya njano, miguu inamuuma hata shuka likimgusa. Daktari akauliza kama huko kambini kulikuwa na panya.

"Chakula chote kilikaa kwenye ndoo," Madam Aneth akasema. "Si ndiyo, Mbuke?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Siku tatu sikwenda tena hospitali. Ya nne nikarudi. Mama Vumilia alikuwa kwenye benchi nje ya wodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Afadhali umekuja. Hataki uji, hataki chochote. Anaomba michembe ya bibi yako."

Ndipo nikasema. Yote, huku naangalia ndala zake. Nesi alikuwa anapita, akasikia, akamwita daktari. Daktari hakunigombeza. Alisema ni homa ya mgunda, ile ya mkojo wa panya, dawa anaanza sasa hivi, ila figo zimeshagoma. Angejua siku ile, labda.

Wakaingia ndani haraka. Mama Vumilia akabaki amekaa.

"Na wewe ulikula?"

"Hapana, mama."

Akanyanyuka, akaenda kukaa benchi lingine.