Madumu Chini ya Kitanda

Kitu cha kwanza alichokigundua Joyceline ni kwamba panya walikuwa wamehama. Chumba cha watoto, ambamo walizoea kukimbizana hadi juu ya blanketi, kilikuwa kimya. Panya hawaalikwi semina, lakini walinusa, wakaelewa.

Shemeji yake Juvenali alialikwa. Yeye na wajumbe wenzake wa Murusagamba waliitwa Ngara mjini kufundishwa kulinda watoto dhidi ya moto majumbani. Wakala wali kwa nyama. Akarudi na elimu ya kutosha kupaka ndoo rangi nyekundu, akaijaza mchanga, akaiweka sebuleni. Mkewe Bernadetha, dada yake Joyceline, akaifunika kitambaa cha kufuma. Mtoto akiigusa, fimbo.

Petroli ambayo Juvenali aliwauzia vijana wa bodaboda, ile aliyoifuata Nyakanazi, aliiweka kwenye madumu chini ya kitanda cha watoto. Sababu ilikuwa nzuri kabisa: chumba hicho ndicho chenye nondo dirishani na kufuli la maana. Petroli huibwa. Watoto nani atawaiba?

"Shemeji, mafuta yananuka kule ndani," Joyceline alijaribu siku moja, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

"Unasemaje?"

"Nasema ugali uko tayari."

Alasiri moja mvua ikashika, nyumba ikawa giza. Juvenali alimpimia mteja petroli, akarudi barazani kupiga soga, akasahau kufunga kufuli. Joyceline alipoingia kutoka migombani, akaona mwanga unatembea chini ya kitanda. Tecla, binti wa dada yake, alikuwa amelala kifudifudi, koroboi inayowaka mkononi, anatafuta mayai ya kuku aliyezoea kutagia humo. Mdogo wake Fideli alikuwa anamwelekeza: "Pale, nyuma ya dumu!"

Joyceline hakupiga kelele. Alimpokonya koroboi taratibu, akatoka nayo hadi mvuani, ikazimika.

Juvenali akaiona koroboi, akaelewa, akaingia chumbani, akainama, akachungulia madumu yake kwanza.

"Hakuna lililomwagika," akashusha pumzi. "Mungu mkubwa. Halafu ndoo ya mchanga si ipo? Mnaogopa nini?"

"Mjumbe na semina yake!" wateja wakacheka barazani.

Tecla alikuwa ametoka chini ya kitanda, yai kiganjani. Joyceline akamtazama, akainama, akaburuta dumu la kwanza. Akalipitisha sebuleni, mbele ya ndoo iliyovaa kitambaa chake, akaingia nalo chumba cha wenye nyumba na kulisukumia chini ya kitanda kikubwa. Akarudi kuchukua la pili.

"We Joyceline, una wazimu?" Juvenali akaruka. "Humo tunalala watu!"

Maneno aliyoyameza Joyceline tangu panya walipohama yakatoka, na safari hii kila mtu aliyasikia.

"Na kule, shemeji, walikuwa wanalala nani?"